Fundi anayepima naye alipwe jamani

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuulizana chinichini kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo! Mitihani ya muhula imeisha juzi, bumu bado halijaingia, chumbani tumebaki wawili tu na mwenzangu kalala tangu saa nne asubuhi. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika kitu ambacho nakibeba rohoni tangu mwezi wa kumi nilipokuwa likizo nyumbani, Newala.

Leo sizungumzii foleni ya chakula wala maji kukatika hosteli. Leo ni gari. Yaani pampu ya mafuta ya gari na umeme wake. Wewe usiye na gari usikimbie, maana habari yenyewe mwisho wake ni habari ya hela, na hela sote tunaitafuta.

Kwa wasiopajua kwetu, Newala mji uko juu kabisa, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde linashuka mpaka Mto Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Huko juu hakuna mto. Maji ya bomba yanasukumwa kwa pampu kutoka chanzo cha Mitema kule bondeni, na nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua. Kwa hiyo mtu wa Newala huhitaji kumfundisha pampu ni nini. Anajua kabisa kwamba pampu ikikosa nguvu ya kutosha, ndoo inabaki tupu hata kama injini inanguruma.

Sasa mjomba wangu ana pikapu, Toyota Hilux ya petroli, ile yenye injini ya 3RZ ya lita 2.7. Ndiyo shamba letu la pili hiyo. Mwezi wa kumi msimu wa korosho unakuwa umechanganya, kila mtu anakimbiza mzigo wake ghala la chama cha msingi ili uwahi mnada. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza msimu wa 2007/08, mkulima anapeleka korosho kwanza, mnada unafanyika, halafu ndiyo anasubiri kulipwa. Kila siku mzigo wako unapochelewa kufika ghalani ni siku hela yako nayo inachelewa. Mjomba anabeba za kwake na za majirani.

Basi bwana, ugonjwa wa ile pikapu ulikuwa hivi. Asubuhi inawaka vizuri, unazunguka nayo mjini hakuna shida. Ukishaipakia gunia na jua likapanda, ukianza kupandisha mlima inakohoa, inakosa nguvu, mwisho inazima. Ukipiga selfu inazungusha kwa nguvu zote lakini haiwaki. Unakaa chini ya mkorosho nusu saa, ukirudi inawaka kama vile haijawahi kuumwa. Mbele kidogo, vilevile tena.

Siku iliyotufikisha pabaya tulikuwa na gunia 12, kila moja kama kilo 80, karibu tani nzima. Tulikuwa tunatoka shamba la nje ya mji. Ikazima kwenye mwinuko wenye mchanga saa tisa alasiri, na safari hii nusu saa haikutosha wala saa nzima. Tukalala palepale. Usiku ikashuka mvua ambayo hata haikuwa wakati wake, na turubai letu lina matundu. Korosho zikilowa si mchezo wadau. Ghalani wanaangalia unyevu, zenye maji unarudi nazo ukaanike, na zikiharibika zinashuka daraja. Kesho yake tulivutwa na lori mpaka nyumbani, gunia nne tukazimwaga uani kuzianika upya.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, injinia wa ukoo.

"Mjomba," akaniita (tunaitana hivyo wote wawili), "si wewe ndiyo unasomea umeme huko Dar? Hebu itazame."

Jamani, nilijisikia! Nikatoa mita yangu ya dijitali niliyonunua kwa bumu la mwaka wa pili, nikatandika gunia, nikaingia chini ya tanki. Nikaitafuta soketi ya pampu, nikaichomoa. Ncha nyekundu ya mita nikaiweka kwenye waya wa moto, nyeusi nikaigusisha kwenye chesisi. Mdogo wangu wa kike akawa kwenye usukani, nikamwambia piga selfu. Mita ikasoma volti 11 na pointi.

Nikatoka chini, nikajipangusa vumbi, nikatoa hukumu mbele ya mjomba, mama na majirani wawili: "Umeme upo. Pampu imekufa."

Kijana wa gereji mmoja aliyekuwepo akaniunga mkono palepale. Kwani yeye angembishia nani? Mwanachuo kasema, na mita imesoma.

Pampu ya mtumba ilipatikana Dar, ikapandishwa basi. Ukijumlisha na nauli yake, shilingi 220,000. Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Hiyo hela mama alikuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya yuleyule mdogo wangu aliyekuwa ananipigia selfu. Alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na tarehe ya kuripoti ilikuwa imekaribia. Mjomba akaiazima kwa ahadi kwamba mnada wa kwanza tu anairudisha. Mama akaitoa kwa sababu mimi nilisema pampu imekufa. Angesema mtu mwingine, mama angeuliza maswali.

Tukashusha tanki, tukafunga pampu, asubuhi ikawaka, watu wakapiga makofi. Tukapakia. Ikazima kwenye mwinuko uleule! Mjomba hakunisema kitu. Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akakaa. Ningependa angenisema.

Siku ya pili mjomba akamleta fundi mmoja mtu mzima anayefanyia kazi chini ya mwembe, mzee wa Land Rover za zamani. Vifaa vyake vinaenea kwenye kopo la rangi. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, halafu akauliza:

"Nani alisema pampu?"

"Mimi, fundi."

"Ulipima na nini?"

"Mita."

"Ulichomoa soketi?"

"Nilichomoa."

Akacheka, wala siyo kwa dharau. "Sasa mwanangu, wewe umempima mbebaji kakaa chini. Mtwishe mzigo kwanza, ndiyo utamjua kama anaweza."

Akatoa kwenye kopo balbu ya taa kubwa ya mbele, ile ya wati 55, imechomelewa waya mbili ndefu. Mita hakuwa nayo kabisa. Akafungua kile kiboksi cha vipimo kilicho kwenye boneti, ambacho Toyota nyingi za miaka ya tisini zinacho, akasoma maandishi ya ndani ya kifuniko, akaunganisha tundu la +B na la Fp kwa kipande cha waya. Ukifanya hivyo na swichi ikiwa imewashwa, umeme unakwenda kwenye pampu moja kwa moja bila kupiga selfu. Halafu akazima swichi, akaenda kwenye soketi ya pampu, akafunga waya mbili za balbu kwenye nyaya mbili za soketi, moto na ethi ya pampu yenyewe. Balbu akaivuta mbali na tanki. Akamwambia mdogo wangu awashe swichi.

Balbu ikawaka rangi ya chungwa, kama kibatari kinachoishiwa mafuta.

Akazima. Akatoa waya mmoja wa balbu kwenye ethi ya soketi, akaubana kwenye chesisi sehemu aliyoisugua mpaka ikang'aa. Washa. Balbu ikawaka nyeupe, macho yanauma.

"Umeona? Moto unakuja. Njia ya kurudi ndiyo imeziba."

Akaufuata waya wa ethi wa pampu kwa mkono mpaka unapofungwa na boliti kwenye chesisi. Mwaka mmoja nyuma mjomba alichomelea vyuma vya bodi ili abebe gunia nyingi, kukapigwa rangi, na boliti likarudishwa juu ya rangi. Kabla ya hapo gari lilikaa miaka Mtwara mjini karibu na bahari, chumvi ilishaanza kazi yake. Chini ya lile boliti kulikuwa na kutu na rangi, chuma safi hakuna. Msasa, boliti jipya, grisi kidogo juu ili maji yasiingie. Balbu ikarudishwa kwenye soketi, ikawaka nyeupe. Kazi nzima haikufika saa moja.

"Elfu kumi na tano," akasema fundi.

Na mjomba wangu, mtu ambaye alikuwa ametoa laki mbili na ishirini kwa pampu bila kunung'unika, akashtuka: "Elfu kumi na tano? Kwa kusugua msasa? Mbona hujafunga hata kitu!"

Hiyo ndiyo sentensi iliyonifanya niandike leo. MBONA HUJAFUNGA HATA KITU.

Maoni yangu ni haya wadau: magari yetu hayaharibiwi na mafundi peke yao. Yanaharibiwa na sisi tunaolipa kifaa na kukataa kulipa kipimo. Fundi akikaa saa mbili chini ya gari anatafuta, akakwambia "tatizo ni boliti hili", unampa elfu mbili ya soda. Fundi asiyetafuta chochote akakwambia "lete pampu", unamlipa kufungua, unamlipa kufunga, na huenda dukani nako akaachiwa kitu kidogo. Sasa mtu mwenye watoto afanye ipi? Tunamfundisha wenyewe kubadilisha, halafu jioni kijiweni tunasema mafundi wezi.

Sijisafishi. Safari hii fundi hakukosea, nilikosea mimi mwenye daftari. Na ningependa nieleze kosa langu vizuri, maana najua wapo wanaofanya kosa hilihili kila siku wakiwa na mita mpya mfukoni.

Kosa la kwanza. Mita ya dijitali haili umeme. Kwa kawaida ndani yake ina ukinzani wa kama omu milioni 10, kwa hiyo umeme unaopita humo ni mdogo mno. Tuseme kwenye njia kuna kutu yenye ukinzani wa omu 3. Kwa mita, omu 3 mbele ya milioni 10 ni kama tone baharini, itakusomea volti 12 zote na wewe utafurahi. Lakini balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inataka ampea kama 4.6, maana yake ukinzani wake ikiwa imewaka ni omu 2.6 hivi. Sasa weka omu 3 za kutu kwenye mstari mmoja na omu 2.6 za balbu. Zaidi ya nusu ya volti zinaishia kwenye kutu, balbu haipati hata volti 6. Pampu za magari kama haya nazo zinakula ampea kadhaa, kwa hiyo yanayoipata balbu ndiyo yanayoipata pampu. Sheria ya Ohm hiyo, ya tangu 1827, nimeifanyia mtihani mara tatu na nimefaulu zote. Chini ya tanki la mjomba sikuikumbuka.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mimi ncha nyeusi niliiweka kwenye chesisi, siyo kwenye waya wa ethi wa pampu. Yaani niliiruka sehemu yenye ugonjwa! Hata ningepima na mzigo ningeambiwa umeme upo. Umeme unakwenda na unarudi. Ukipima kwenda peke yake umepima nusu ya gari.

Na sasa mnaelewa kwa nini ilikuwa inazima mlimani kwenye jua. Injini yenye mzigo inataka mafuta mengi, pampu yenye umeme mdogo haifikishi msukumo unaotakiwa. Kiungo chenye kutu kikipitisha umeme muda mrefu kinapata joto na kuzidi kukataa. Ukipumzika kinapoa, gari linawaka, unadhani limepona.

Haya, kwa wenye pikapu za aina hii, huu hapa utaratibu niliojifunza, uwe mkononi siku ukiambiwa "lete pampu".

Kwanza sikiliza. Mtu mmoja kwenye swichi, mwingine karibu na tanki. Magari mengi ukiwasha swichi bila kupiga selfu, pampu inanguruma sekunde mbili tatu halafu inanyamaza. Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo, zinasubiri mpaka injini izungushwe. Watu wamezihukumu pampu nzima kwa kutojua hilo tu.

Pili, fyuzi na rilei. Fyuzi ichomoe uitazame na miguu yake, isiwe imeungua au kulegea. Rilei unaweza kuibadilisha kwa muda na nyingine ya gari hilohilo, lakini ziwe zinafanana namba na miguu, siyo umbo tu.

Tatu, uliza historia. Gari limewahi kufungwa alamu au ile swichi ya siri ya kuzuia wezi? Nyingi zinakata waya wa pampu, na zimeungwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia selotepu chini ya dashibodi. Ikipita miaka, selotepu inaachia. Uliza pia nani alichomelea nini na alirudishaje maboliti. Swali hilo moja lingetuokolea laki mbili.

Nne, balbu kwenye soketi ya pampu, kama alivyofanya mzee. Ikiwaka hafifu, hamisha upande mmoja mmoja ujue ni moto au ni ethi. Kama una mita usiitupe, ila itumie soketi ikiwa imechomekwa na pampu inafanya kazi. Pima kutoka chanya ya betri mpaka waya wa moto wa pampu, halafu kutoka ethi ya pampu mpaka hasi ya betri. Kila upande usizidi kama nusu volti. Ukikuta volti tatu nne, umempata mwizi, na hiyo ni mita ileile iliyonidanganya mimi.

Tano, na hapa ndiyo mwisho, kama balbu inawaka nyeupe kwenye waya zote mbili za soketi na pampu bado imenyamaza, sasa ihukumu pampu. Ina haki ya kusikilizwa kwanza.

Tahadhari mbili, tafadhali msizirushe macho. Balbu ya wati 55 usiitie kwenye nyaya nyembamba za kontrol boksi, utaiunguza, huko ni mita tu. Na magari mapya ambayo pampu inaendeshwa na kompyuta yake kwa kupunguza na kuongeza kasi yanapimwa kwa namna nyingine, usiyafanyie hivi. Ya pili ni petroli yenyewe. Mvuke wake unashika moto kabla hujauona. Fanyia kazi nje penye hewa, funga waya zako swichi ikiwa imezimwa, cheche isitokee karibu na tanki, sigara iwe mbali, na ukitaka kufungua tanki chomoa betri. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Petroli haina mazoea na mtu.

Najua kuna watakaonibishia. Watasema, ukianza kumlipa fundi kwa kupima, si ndiyo atakuwa anapima kila siku hela zinakwenda na gari halitengenezwi? Hoja ina ukweli. Dawa yake ni kumwambia akuonyeshe. Uzuri wa balbu haina lugha ya kitaalamu. Bibi yangu hajui ampea, lakini akiona balbu hafifu na balbu nyeupe anajua tofauti. Mlipe anayekuonyesha kabla na baada. Anayesema "nimepima, ni pampu" halafu hana cha kukuonyesha, huyo hajapima. Mimi nilikuwa huyo.

Wengine watasema sisi watu wa hali ya chini hatuna hela ya kulipia vipimo. Ndugu yangu, maskini ndiye hasa asiye na hela ya kununua kifaa kisichohusika! Tajiri akikosea pampu ananunua nyingine. Kwetu ilikuwa ada ya mtoto.

Na tumeshawahi kubadilika kwenye jambo kubwa kuliko hili. Nikiwa mdogo, ukiwa na homa tu unapewa dawa ya malaria, hakuna kuuliza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo kwamba kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza ndipo atibiwe, na siku hizi hata zahanati ya kijijini unatobolewa kidole, kipimo kinasomwa dakika chache, ndiyo unaandikiwa. Mwanzoni watu walilalamika, "nimeenda na homa nimerudi bila dawa." Leo mtu akikuandikia dawa bila kukutoboa kidole unamshangaa. Kwa nini gari tunakubali linyweshwe pampu kwa kuangaliwa usoni?

Neno la mwisho kwa wenzangu tunaosomea haya mambo, na kwa wanaotufundisha popote nchini, vyuo vikuu na vya ufundi. Maabara nyaya ni safi, soketi zinang'aa, jibu linatoka kama kitabuni. Ningeomba siku moja moja tuwekewe boliti lenye kutu kwenye mzunguko bila kuambiwa, tutafute wenyewe. Na yule mzee wa chini ya mwembe aitwe siku moja asimame mbele ya darasa na balbu yake, alipwe kama anavyolipwa mgeni yeyote anayekuja kufundisha. Narudia, ALIPWE.

Mtauliza mwisho ulikuwaje. Gunia zilifika ghalani, mnada wa wiki ile tulishaukosa, tukaingia unaofuata. Mdogo wangu aliripoti chuo wiki mbili baada ya wenzake, akakuta vitanda vya chini vimekwisha na majaribio mawili yamempita. Sasa anaendelea vizuri, ila akinipigia simu huwa ananiuliza, "Injinia, leo umeua pampu ngapi?" Nacheka, lakini inaingia.

Ile pampu ya mtumba nayo baada ya wiki tatu ikaanza kupiga kelele kama nyuki. Mjomba akairudisha pampu ya zamani, ileile niliyotangaza imekufa. Imebeba korosho msimu mzima mpaka mwezi huu wa pili, haijazima hata mara moja.

Na mzee wetu? Siku ile mjomba alimpa elfu kumi, tukaagana. Mwezi wa kumi na mbili akaniambia kwenye simu kwamba amempelekea ile elfu tano iliyobaki na korosho zilizobanguliwa kilo moja juu yake. Sikumuuliza kwa nini.

Bumu likiingia kuna 220,000 za watu nimeahidi kuzirudisha kidogo kidogo, nimeanza na 40,000. Na nimechomelea waya mbili kwenye balbu ya wati 55, ipo kwenye begi pamoja na mita. Mwenzangu wa chumbani ameamka ananiuliza ya nini. Ngoja nimsimulie, halafu tukatafute chakula kabla foleni haijawa ndefu. Siku njema wadau.